Kiti cha Mbele cha Mwalimu Wakhungu

Mwalimu Wakhungu alifundisha jiografia kule Kachibora mpaka chaki ikamwingia kwenye kucha, na katika miaka hiyo yote alichora milima ya Alpi ubaoni bila kuiona hata siku moja. Mto Rhine aliujua kila kona. Angekuambia unapochimbuka, unapopita na unapomwaga maji yake, na angekuambia hata kama hukumuuliza. Kwa hivyo bintiye Rispah, muuguzi huko Ujerumani, alipopiga simu kusema amepata likizo na anataka kuwatembeza wazazi wake kwa gari, wapite Uswisi na Italia na warudi kwa njia ya Ufaransa, mzee alitoka nje ya nyumba yake pale Kitale, akajificha katikati ya mahindi, akalia. Hakutaka mkewe Pauline amwone. Pauline alimwona, akarudi ndani.

Tangu siku hiyo ramani ikatandazwa kwenye meza ya chakula, na watu wa nyumba ile wakawa wanakula na sahani mapajani. Mzee alipima njia kwa uzi. Alikuwa amefika Milano, kwa kidole, Rispah alipopiga tena.

"Papa, habari njema. Kukhu pia anakuja!"

Kukhu ni Nabwile, mamake Pauline, anayekaa karibu na Kibabii, upande wa Bungoma. Mwalimu aliweka simu chini polepole. Alilelewa na Wabukusu wa kizamani, na Mbukusu wa kizamani hatazamani na mama mkwe. Hampi mkono, hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja. Tangu amwoe Pauline, Wakhungu alimjua mkwewe kwa kisogo na kwa kikohozi. Siku moja walikaribia kugongana sokoni Bungoma, akachepuka akaingia duka la vifaa vya shamba, na kwa aibu ya kusimama bure akanunua jembe ambalo hakulihitaji. Na sasa mtu huyo huyo angefungiwa naye ndani ya kigari kimoja, nchi nne mfululizo.

Alimchukua Pauline wakaenda Bungoma, eti kumsalimia bibi. Ukweli ni kwamba alienda kumkatisha tamaa. Yeye aliketi sebuleni, Nabwile akabaki jikoni nyuma ya pazia, na Pauline akawekwa katikati kubeba maneno, ingawa pazia lile halijawahi kuzuia sauti ya mtu yeyote.

"Mwambie Mayi huko kuna baridi kali," Wakhungu akamwambia mkewe. "Magoti yatamsumbua."

"Mayi, anasema kuna baridi."

"Nimesikia," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Mwambie mimi nimezaliwa Mlima Elgon. Baridi gani hiyo ataniambia?"

"Anasema amezaliwa..."

"Nimesikia," akasema Wakhungu.

"Na umuulize," bibi akaendelea, "ama ni mimi anaogopa nitajaza gari?"

Wakhungu akaangalia chai yake. Hilo ndilo hasa aliloliogopa.

Basi akarudi Kitale kupanga upya. Yeye angeketi mbele kando ya dereva, na Nabwile nyuma yake moja kwa moja, ili asionwe ila kisogo. Kile kioo kidogo kilicho juu ya kiti cha mbele kingefunikwa kwa karatasi ya gundi. Chakula angekula nje, amesimama. Na katika kila mji, pale ambapo Rispah angepanga nyumba ya familia, yeye angetafuta chumba chake upande wa pili wa mji.

"Ati uende Ulaya ulale peke yako kama mtu amefukuzwa?" Pauline akauliza.

"Kwani heshima tunaiacha uwanja wa ndege?"

Ulipofika wakati wa kuomba viza, kila mmoja aliambiwa aambatishe mpango wa safari. Mwaliko wa Rispah ulisema familia moja, gari moja, nyumba moja. Wakhungu, ambaye hajawahi kuidanganya serikali yoyote, aliambatisha mpango wake mwenyewe, na barua ya Kiingereza safi. Alieleza humo kwamba yeye na Bi. Nabwile hawawezi kulala chini ya paa moja, wala kula pamoja, wala kutazamana.

"Hiyo barua itakuchoma, bana," Pauline akamwonya.

"Wale ni watu wamesoma. Wanaelewa utamaduni."

Majibu yakaja. Pauline akapewa. Nabwile akapewa. Wakhungu akanyimwa, kwa kuwa sababu za safari yake hazikueleweka. Na kwa kweli, ukijiweka kwenye kiti cha huyo afisa, utamlaumu? Mzee anaomba kwenda kutembea na jamaa zake, kisha anaeleza kirefu, kwa mwandiko wa kupendeza, jinsi atakavyowakwepa jamaa hao hao kutoka nchi hadi nchi.

Alikunja ramani. Majirani aliwaambia kwamba ameahirisha kwa ajili ya mavuno. Siku ya safari, gari lililomleta Nabwile kutoka Bungoma lilisimama langoni kumchukua Pauline. Mkwe akatazama upande wa pili wa barabara, naye mkwe mwenzake akatazama ua. Wakaagana hivyo. Roho ilimuuma Wakhungu kuliko alivyowahi kuumwa na jambo lolote, na hakuwa na mtu wa kumlaumu ila tabia yake nzuri.

Alikuwa uani anageuza mahindi kwenye turubai simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Pauline, na ilikuwa simu ya video. Akafungua. Hakuona uso wa mtu. Aliona kioo cha mbele cha gari, na barabara inayopinda, na milima yenye theluji.

"Mkwe," sauti ikasema.

Wakhungu akageuka haraka kuangalia langoni, kama kwamba kuna mtu wa kumfumania. Sauti ile hajawahi kusemeshwa nayo.

"Pauline amelala. Rispah anaendesha. Hakuna mtu wa kukuletea maneno, sasa nitasema mwenyewe. Kiti chako hakuna mtu amekalia. Pauline alitaka, nikamkataza. Nikamwambia akae hapa nyuma na mimi, hicho ni cha mwalimu. Nimeambia huyu mtoto aweke simu hapo, iangalie mbele. Wewe uko mbele, mimi niko nyuma yako. Si ndivyo ulipanga?"

Mwalimu akaisogeza simu karibu na macho. Kando ya barabara maji yalitokea, mapana, ya kijani, yanakwenda mbio.

"Sasa wewe mwenye umesomea haya mambo, huu mto ni gani? Na unaenda wapi?"

Wakhungu akafuta macho kwa mkono uliojaa vumbi la mahindi, akazidi kuyaharibu. Akavuta kigoda, akaketi wima, simu mbele yake.

"Huo ni Rhine, Mayi," akasema. Akaanza pale unapochimbuka, akamweleza taratibu, bila kugeuka nyuma.