Msitu Uliojipanda

Januari 2008 barabara zilifungwa kwa ghasia za uchaguzi na makaa hayakufika Kibera. Mutinda, mchonga vinyago wa mtaa wa Laini Saba, akaingia msitu wa jirani, akakata miti mitatu ya muhugu, na mkewe Nduku akaipikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mchongaji kuchoma muhugu ni kama fundi cherehani kupangusa viatu kwa kitambaa cha suti. Majirani tulikula. Hakuna aliyeuliza kuni ni za kabila gani.

Wengine walikata miti hadi mchangani. Mutinda alikata kwa desturi ya wachongaji: kisiki cha kufika gotini, kimekatwa mshazari juu ili maji yateleze, kisioze. Masika yalipoanza, visiki vyake vitatu vikachipua. Pembeni miti michanga ya mikinduri, iliyojiotea, ikavitilia kivuli.

Mei, wakubwa wakakumbuka kwamba kuna msitu. Ikaitishwa siku ya kupanda miti ya amani. Mwenyekiti alikuwa Gachanja, mwenye ploti kule Kabiro, na miche ya mikaratusi ilitoka kwa kitalu cha Gachanja. Asubuhi hiyo vijana walikuja na panga kufyeka. Nyuso mbili nilizijua tangu Januari. Panga pia.

"Mwenyekiti, hapo usifyeke," Mutinda akasema. "Huo ni muhugu."

"Nani aliupanda?"

"Hakuna. Umejipanda."

"Basi ni kichaka. Haya, nitakuachia visiki vyako. Hii takataka ingine inatoka."

"Hiyo takataka ndiyo kivuli chake. Ukitoa mikinduri, jua litamaliza machipukizi kabla ya mvua za vuli."

"Wakamba nyinyi! Mtu anapewa kiti, anataka na meza."

Vijana wakainua panga. Nduku akatazama vibao vilivyorundikwa kwenye pikapu, kila kimoja na jina la mgeni: Umepandwa na fulani.

"Mwenyekiti," akasema, "ile miti mlipanda '97 iko wapi?"

"Ilikufa."

"Na ya 2003?"

"Hiyo pia."

"Hii imeshika tayari. Weka vibao hapa. Wageni wamwage maji tu, wapigwe picha. Na viatu vyao havitaingia matope."

Gachanja alifikiria viatu kwa muda mrefu. Kisha akawaambia vijana warudishe panga garini.

Saa sita mgeni mkuu, mheshimiwa mmoja, akafika. Desemba, kwenye kampeni, mtu huyu alisimama juu ya gari akitaja nani aende kwao, nilikuwepo. Sasa akamwagia maji kisiki kikubwa kuliko vyote, kibao chenye jina lake kikachomekwa, watu wakashangilia.

"Piga makofi," Nduku akanong'ona.

Mutinda akapiga.

"Mzee, utautunza mti wangu?" mheshimiwa akauliza mbele ya kamera.

"Nitautunza."

"Usije ukaukata!"

Muhugu huchukua miaka hamsini, sitini, kunenepa hadi kufaa kuchongwa. Mutinda akamtazama mheshimiwa kuanzia viatu hadi upara, polepole, kama anavyopima gogo.

"Maadamu uko hai, mheshimiwa," akasema, "hakuna atakayeugusa."