Homa ya Agape

Nilikuwa na watoto ishirini na wawili kwenye kwaya, na sauti ya kushangaza watu ilikuwa moja tu, ya Agape. Asubuhi ya safari nilimgusa shingo, nikaikuta ya moto. Macho mekundu, pua inachuruzika. Mwalimu mwenye akili zake angemrudisha kwao hapo hapo. Mimi nilimmezesha panadoli nikamkalisha dirishani. Miaka mitatu mfululizo tulikuwa tunarudi Kibaha kutoka mashindano ya kwaya mikono mitupu, na nilishachoka kuchekwa na walimu wenzangu wa shule ya Jumapili.

Kosta ilitutikisa kwenye mashimo kutoka Mlandizi hadi Maneromango. Mlangoni mwa kanisa alisimama Mwinjilisti Michael na daftari lake. Kule watoto wageni hawalazwi madarasani. Wanagawiwa kwa wenyeji, wawili wawili, wanakula sinia moja na watoto wa nyumba hiyo na kulala nao. Ndiyo maana mwinjilisti huuliza kabla hajagawa. Mwenye homa halali kwa mtu. Anabaki nyumba ya usharika na mwalimu wake, na haimbi.

"Mwalimu Aneth, watoto wako wote wazima?"

"Wazima kabisa, mwinjilisti. Labda njaa tu."

Akacheka, akaandika.

Agape alipangiwa kwa Mama Sospeter, mwanamke mpole mwenye mtoto wa miezi minane, mnene, mwepesi wa kucheka. Jioni nilipopita kukagua nilimkuta Agape amembeba Sospeter mgongoni kwa mbeleko, anamwimbia. Nilipaswa kumfungua ile mbeleko pale pale. Nikaishia kumwambia, "Usiimbe sana, tunza koo."

Kesho yake tulishinda. Kombe nililipakata mwenyewe njia nzima, nikiwa na furaha ya kipumbavu. Jumatatu Agape alitoka vipele nyuma ya masikio, kisha mwili mzima. Hospitali wakasema surua. Aliugua wiki mbili, akapona.

Siku chache baadaye mwinjilisti akanipigia simu. Mtoto wa Mama Sospeter amelazwa, surua hiyo hiyo, na umri wa chanjo alikuwa hajaufikisha.

"Kwenu vipi, mwalimu? Wauguzi wanataka kujua imeanzia wapi."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaona aibu kukubali kwamba nilidanganya mlangoni mwa kanisa, nikadanganya tena.

"Hata kwetu mmoja aliugua tuliporudi. Itakuwa kaipata huko huko. Sisi tulikuja wazima, si uliandika mwenyewe?"

Nikamsikia akifunua daftari. "Kweli, niliandika."

Nilikata simu nikijichukia. Nilivumilia mwezi mzima, kombe limekaa juu ya kabati la kanisa na kila mzazi ananipongeza. Mwisho nikafunga safari peke yangu kwenda Maneromango. Njiani nilikariri maneno: mtoto wangu ndiye aliyekuja na homa, nilijua, nilificha.

Mama Sospeter alikuwa uani anapukuchua mahindi, mtoto mapajani. Ule unene wote ulikuwa umekwisha. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

"Hajambo. Ila jicho hili wamesema ndiyo basi, halitaona." Akaniwekea kigoda. Kabla sijakaa vizuri, yeye akapiga magoti mbele yangu, na mtoto wake mkononi.

"Mwalimu, nilikuwa natafuta namna ya kuja kwenu Kibaha. Mlituletea mtoto mzima, tukamrudisha na ugonjwa. Hapa wananisema nyumba yangu chafu, na wageni sitapangiwa tena. Hayo nimeyakubali. Ila yule mtoto aliyembeba mwanangu kwa upendo vile, jamani! Kwa mama yake nitaweka wapi uso wangu? Naomba mnisamehe."

Nilifungua mdomo. Maneno yangu yote yalikuwapo, hakuna hata moja lililopotea. Sospeter aligeuza kichwa chote upande ili aweze kunitazama.

"Inuka, mama," nikasema. "Tulishakusamehe."