Sabuni ya Lukelo

Dativa alikata sabuni kwa kisu cha kuparulia samaki, kipande kidogo kama punje ya hindi, akakibonyeza kwenye ndoana mpaka ncha ikabaki imechomoza kidogo. Ilikuwa Jumanne saa moja asubuhi, kwenye kona ya Mto Kilombero ambako maji hugeuka polepole. Wiki nzima alikuwa ametumia nyungunyungu, na wiki nzima visamaki vidogo vilikuwa vimewala kimyakimya na kumrudishia ndoana safi. Utumbo wa kuku ulimpatia kobe mmoja. Kambare hupenda sabuni ya mche, hilo kila mvuvi wa Ifakara analijua, lakini nyumbani kwa Dativa ilikuwa imebaki sabuni moja tu: ile aliyooshewa mumewe, Lukelo, alipofariki siku kumi na mbili zilizopita.

Sabuni ya maiti ilitakiwa kufukiwa. Faustino, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemwosha kaka yake, na ndiye aliyeisahau juu ya ukuta wa bafu. Dativa aliipita siku kadhaa bila kuigusa. Mwishowe akajiambia kuwa tope la mtoni nalo ni udongo.

Alikuwa na haraka. Binti yake, Noela, alikwishajiandikisha kupiga dawa ya magugu kwenye shamba kubwa la mpunga, njia ya kwenda kijiji cha Mbingu. Alipangiwa bomba lile lile ambalo baba yake alilibeba mgongoni miaka sita, bila barakoa, mpaka kifua kikamziba. Lori la wafanyakazi lingempitia Jumatatu. Dativa alimsihi, akalia, akamkumbusha jinsi baba yake alivyokata roho akiwa ameketi kwa sababu kulala hakuwezi. Noela alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza watakula nini. Wakakubaliana hivi: mama akileta samaki wa kuuza kila siku, kuanzia Jumanne hiyo mpaka Jumapili, bila kukosa hata siku moja, Noela ataichana fomu ya kazi.

Mshipi ukatikisika. Dativa akaunyakua juu kwa nguvu zote. Ndoana ilirudi tupu.

"Unamnyang'anya, shemeji," Faustino alisema kutoka kwenye gogo alilokalia. "Kambare anaonja, anatema, anaonja tena. Mwache achukue. Ukiona mshipi unaondoka kwa mshazari, hesabu mpaka nne, ndipo uvute. Na uvute pembeni, usivute juu."

Dativa akaweka kipande kingine. Mshipi ulicheza, ukatulia, ukaanza kuondoka kwa mshazari. Alihesabu mpaka nne, akavuta pembeni, akausikia uzito.

Alikuwa kambare wa urefu wa mkono mpaka kiwiko. Alipolazwa kwenye majani alikohoa. Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kisha mara moja kwa kuvuta, kisha akakwangua koo kama Lukelo alipokuwa anataka maji. Dativa alimpa maji kwa kiganja, kama alivyozoea, halafu akampiga rungu la kichwa.

"Ni kaka," alisema Faustino, akarudi kutazama mshipi wake.

Jumatano alipata wanne, Alhamisi watano, na wote walikohoa. Faustino, aliyetumia sabuni mpya ya dukani, hakupata kitu. Sokoni, Sada muuza samaki aliwaambia wateja ukweli mtupu, kwamba wanakohoa lakini ukishawapasua kikohozi kinaisha. Wateja walifunua mashavu, wakabonyeza matumbo, wakanunua. Mama mmoja kutoka Mang'ula alinunua wawili, wakakohoa kwa zamu kwenye kapu lake mpaka stendi.

Ijumaa Dativa alimtia kambare mkubwa kuliko wote kwenye ndoo ya maji, akampeleka zahanati ya shamba. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alimsikiliza kifua kwa kipimo chake, mbele na nyuma, akamwambia avute pumzi. Akasema mapafu yameunguzwa na dawa ya magugu, hilo halina ubishi. Dativa akamwomba aandike hivyo hivyo. Daktari akafungua daftari kwenye ukurasa wa Lukelo, ambako yeye mwenyewe alikuwa ameandika kichomi, akausoma, akalifunga.

"Mama, hili daftari linakaguliwa na wenye shamba," alisema.

Akahesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha ndogo, akaelekeza samaki ameze kutwa mara tatu.

Nje alikutana na Justin, msimamizi wa wapiga dawa. Justin alisikia kikohozi kabla hajaiona ndoo, akavua kofia. "Bomba namba nne," alisema. Akatoa pole, akasema marehemu alikuwa mchapakazi, na kwamba bomba lake limeoshwa vizuri, linamsubiri Noela. Barakoa zilikuwa zimeagizwa. Hata Lukelo aliambiwa zimeagizwa. Dativa alishikwa na hasira mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye ndoo, lakini njia ya kurudi ilikuwa ndefu na kambare alikuwa wa kuuza.

Jumamosi alipata watatu. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, sabuni ilikuwa imebaki kama ukucha. Dativa aliibandika yote. Safari hii hakuhitaji kukumbushwa. Aliacha kambare aonje, ateme, achukue, akahesabu, akavuta pembeni, na ndoana ikakaa kwenye kona ya mdomo ilipotakiwa kukaa.

Kambare alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha Lukelo. Kilikuwa chepesi, cha kifua kichanga, mara tatu za harakaharaka, kisha kikafuatwa na kwikwi moja ndogo. Kwikwi ile Noela alikuwa nayo tangu alipougua surua akiwa na miaka mitatu.

Faustino alitazama ng'ambo. Dativa alinyanyua rungu, akalishusha, akalinyanyua tena. Alijua asipopeleka samaki leo fomu haitachanwa. Mkono haukukubali. Akachomoa ndoana taratibu, akampa maji kwa kiganja, akamwachia mtoni.

Nyumbani Noela aliitazama ndoo tupu. Alikuwa anajaza magazeti kwenye mabuti ya baba yake ili yamtoshe.

"Nimekusikia unakohoa," Dativa alisema.

"Bado, mama."

Jumatatu lori lilipita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Noela alimwamkia msimamizi shikamoo, akapanda. Maduka yalipofunguliwa Dativa alikwenda kununua mche mpya wa sabuni, akaukata katikati. Nusu akaanza kufulia. Nusu akaifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka juu ya ukuta wa bafu, pale ilipokuwa ile ya Lukelo.