Ng'ombe Wasiokanyaga Ngano

Kila Jumamosi, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, Landrova ya shamba la ngano ilisimama bomani kwa Gidamis, na bwana mwenendo akashuka na kitambaa. Kama wiki ile ng'ombe walikanyaga ngano, alifunga chekundu langoni. Kama hawakukanyaga, alifunga cheupe. Mabwana shamba na mabwana mifugo watu walishawazoea. Huyu kazi yake ilikuwa kubadili watu tabia.

Mkalimani wake alikuwa Tadei, Mmbulu wa Dongobesh, rafiki wa Gidamis wa miaka nenda rudi. Watoto wa Tadei walikua kwa maziwa ya ng'ombe ambaye Gidamis alimkabidhi tu, kirafiki. Basi siku bwana mwenendo aliposema mkutanoni kwamba wenye vitambaa vyeupe hadi mavuno watapewa mrejesho, Gidamis alimgeukia rafiki yake kuuliza hilo neno ni nini. Tadei akamjibu kwa Kibarabaig kuwa ni kurudishiwa. Kurudishiwa nini, hakusema. Gidamis naye hakuuliza, maana alichonyang'anywa alikijua: kaburi la baba yake, lile tuta refu la udongo ambalo ukoo mzima ulilijenga kwa miezi, na ambalo sasa lilikuwa katikati ya ngano, likimegwa na trekta kila msimu.

Jioni ile, wakati wa kukamua, akawaeleza ng'ombe kwamba wakiacha kukanyaga ngano mzee atarudishwa. Ng'ombe wakamsikiliza. Kesho yake ng'ombe mwekundu mwenye pembe pana alipofika ukingoni mwa shamba alipanda hewani, kiasi cha kiganja juu ya masuke, akavuka, na wenzake wakamfuata. Hakuna suke lililoinama. Madereva wa kombaini walisimama kuwapisha. Jioni zizini walikawia kushuka, hata mke wa Gidamis akaanza kukamua akiwa juu ya gogo, akilalamika mgongo tu. Vitambaa vikawa vyeupe, wiki baada ya wiki.

Mavuno yalipokwisha, Gidamis alijipaka mafuta, akavaa shuka jipya, akaenda ofisini kuchukua mrejesho wake. Bwana mwenendo akampa mkono kwa furaha ya kweli. Akasema mrejesho ni kwamba amefanya vizuri sana na aendelee vivyo hivyo. Gidamis akadhani hizo bado ni salamu, akangoja. Ndipo bwana mwenendo akaongeza kwamba, kwa kuwa ng'ombe hawa hawahitaji tena ardhi, shamba litalima njia yao ya kwenda ziwani na kulisawazisha lile tuta. Tadei aliyatafsiri yote, na safari hii hakuacha hata neno moja.

Walipotoka nje, Gidamis alimuuliza, "Lile neno ulilijua tangu mwanzo?"

"Nililijua."

"Na watoto wako wamekunywa maziwa yangu."

"Wamekunywa," alisema Tadei. "Lakini ningekueleza ukweli usingekubali, na mimi ningerudi Dongobesh bila kazi."

Jamani, kuna kuibiwa na kuna kuuzwa na mtu wako. Gidamis alishawahi kuibiwa ng'ombe, akawafuata wezi hadi akalala njaa porini, wala hakuumia hivi. Alirudi nyumbani, na maziwa aliyoletewa yakamshinda kunywa.

Trekta ilipokuja, aliwapeleka ng'ombe wote kwenye kaburi. Walikuwa wakielea juu yake. Aliwaita mmoja mmoja kwa jina washuke, wasimame juu ya udongo wa mzee, ili trekta ikose pa kupita. Wakamtazama kwa upole. Lakini kingo za tuta zilishalimwa, na palipolimwa walikuwa wamejifunza kutokanyaga. Aliwabembeleza, akawachapa, akalia mbele yao, mtu mzima yule.

Trekta ikapita chini ya matumbo yao taratibu, dereva ameinamisha kichwa asije akagonga viwele.