Msemaji wa Jaha

Wakili Shafiq alikuwa na sauti nzuri, na ubaya wa sauti nzuri ni kwamba mwenye nayo huisikia. Pale Karak, kusini mwa Jordan, hapakuwa na posa wala suluhu ya maana iliyofanyika bila yeye kuitwa aseme. Kesi zake mahakamani zilikuwa za kawaida tu, mipaka ya mashamba na mirathi, lakini akikaa kwenye baraza la wazee, joho begani, watu waliacha hata kukohoa.

Ndiyo maana Haji Dhiyab, mwenye karakana ya kukata mawe ya ujenzi, alipokuja kumwomba awe msemaji wa jaha, ule ujumbe wa wazee wa kuombea suluhu, Shafiq hakuuliza mengi. Kijana mmoja wa karakana, Awad, msumeno ulikuwa umemkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Haji alitaka wazee wenye heshima zao waende naye kwa baba wa kijana, waombe msamaha kimila, mambo yaishe bila kufikishana mahakamani. Shafiq alisema yuko tayari, akalipeleka joho lake kwa dobi.

Walikwenda Ijumaa baada ya sala, magari mengi mpaka kichochoro kikaziba. Abu Awad, baba wa kijana, askari wa zamani ambaye hakuwahi kupanda cheo, alisimama mlangoni, kifua mbele kwa fahari. Watu wa namna ile hawakuwahi kukanyaga kwake. Aliwakalisha, akamweka Shafiq ubavuni pake, kahawa ikamiminwa. Shafiq alipokea finjani yake, akaiweka chini bila kuigusisha mdomoni, na wenzake wote wakaweka zao.

"Abu Awad," alianza, taratibu, "hatunywi kahawa yako mpaka utupe tulichokijia. Awad ni mwanetu. Alikuwa kazini kwetu, anatafuta riziki ya halali, na msumeno uliomkata ni msumeno wetu. Hatujaja kukana. Tumekuja na nyuso zetu, tukiomba usamehe haki yote, usimshitaki ndugu yako Haji."

Akaendelea hivyo, akipandisha na kushusha, mpaka mzee mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Abu Awad akazitazama zile finjani. Kuwaacha watu wazima kama wale kahawa iwapoe miguuni, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Angeuweka wapi uso wake?

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Mlichokijia mmekipata."

Wakanywa. Ilikuwa kahawa nzuri, yenye iliki ya kutosha, na Shafiq aliongeza ya pili. Awad mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyemuuliza kitu. Haji akaacha kondoo uani, wakapeana mabusu ya mashavu, wakaondoka, na njia nzima Shafiq alikuwa akisifiwa. Usiku ule alilala fofofo. Jambo moja tu alilijua ambalo wengine hawakulijua, nalo halikumsumbua hata kidogo.

Wiki chache baadaye Awad akabisha hodi ofisini kwake.

"Karibu, mwanangu, karibu," Shafiq alisema, akidhani kijana ametumwa na salamu.

Awad alikaa ukingoni mwa kiti. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo, inaonekana alijivalisha mwenyewe.

"Wakili, samahani kukusumbua. Hospitali wanataka kunipasua tena na Haji hataki kunisikia. Nimekwenda karakana, mlinzi kanifukuza. Haji anasema hanijui. Ati sikuwahi kufanya kazi pale, nilipita tu kumwona rafiki, nikachezea mashine."

"Mkataba unao?"

"Mkataba!" Awad akacheka kidogo. "Nani pale ana mkataba? Na hao rafiki zangu nao wamefyata. Wana watoto, siwalaumu."

"Baba yako anasemaje?"

"Baba anasema neno lake limeshatoka. Nikienda mahakamani nisirudi nyumbani kwake. Nimekuja hapa kwa kujificha." Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema kile ambacho Shafiq angetoa kitu chochote asikisikie. "Siku ile nilikusikiliza, wakili. Wallahi, hata mimi nilitaka kulia. Mkono unaniuma vile, na bado nikaona Haji anaonewa! Nikajiambia, mtu huyu siku moja akisema upande wangu, mimi nimepona."

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Laiti angemtukana! Shafiq alihisi uso unamchoma hadi masikioni. Sheria ya kazi aliijua kama anavyojua jina lake: mfanyakazi haporwi haki yake kwa makubaliano, hata yangefanywa mbele ya kabila zima. Msamaha ule wa Abu Awad ulikuwa bure kabisa. Alilijua hilo finjani iko mbele yake, akanyamaza, akaendelea kupandisha na kushusha sauti.

"Mimi siwezi kukutetea," alisema. "Nilisimama upande wa pili."

"Basi nisamehe, wakili." Awad akainuka upesi, kama aliyekosa yeye.

"Kaa chini!" Shafiq alifoka, kisha akaona haya kwa kufoka. "Kaa, mwanangu. Nitakupeleka kwa mtu."

Mtu huyo alikuwa Wakili Buthaina, ofisi juu ya duka la dawa. Alikuwa akitetea watu wa machimbo, wa majengo, wa viwanda vya nguo, na Shafiq ndiye aliyempachika jina la Mama Vidole mbele ya mawakili wenzao wakifa kwa kucheka. Buthaina alimsikiliza Awad mpaka mwisho, akaandika, akamtoa akangoje nje. Kisha akamgeukia Shafiq.

"Haya, msemaji wa wazee. Leo umemletea Mama Vidole kichwa au miguu?"

"Nimestahili. Sema yote."

"Sina muda wa yote. Kesi hii ina tundu moja. Nahitaji mtu aliyemsikia Haji akikubali kwamba kijana ni wake na ameumia kazini. Nani alikuwepo?"

"Wazee karibu ishirini. Hakuna hata mmoja atakayesema. Maneno ya jaha hayapelekwi mahakamani, unajua."

"Najua. Na maneno yenyewe nani aliyasema?"

"Mimi," Shafiq alisema.

"Haji alikulipa?"

"Hapana. Nilikwenda kama jamaa."

"Basi hukuwa wakili wake, na siri ya wakili huna. Ulikuwa mdomo tu," Buthaina alisema, akimsogezea chai. "Mdomo huo huo ndio ninaoutaka."

Shafiq aliondoka bila kuahidi. Siku kadhaa alijitafutia sababu za kukataa, na zilikuwa nyingi, na zote nzuri. Angekosana na Haji na wazee wote. Hakuna nyumba ingemwita tena kusema. Lakini kila sababu ilipomalizika, Awad alikuwa pale pale, amekaa ukingoni mwa kiti, anamsifu. Shafiq akampigia Buthaina.

Siku ya kesi ilikuwa baridi ya kukata mifupa. Haji Dhiyab alikaa mbele na wakili wake wa kutoka Amman. Abu Awad naye alikuja, akakaa peke yake nyuma kabisa. Alikuwa amekuja kumweleza hakimu kwamba yeye ameshasamehe na kwamba mwanawe anamvunjia heshima.

Shafiq aliapa. Alieleza ile Ijumaa, na maneno aliyosema, moja baada ya jingine, bila kupandisha wala kushusha. Alikuwa kazini kwetu. Msumeno ni wetu. Hatujaja kukana. Buthaina akamuuliza Haji alikuwa wapi yakisemwa. Mkono wangu wa kulia, mheshimiwa, akitikisa kichwa kukubali.

"Msaliti!" Haji alipiga kelele, na hakimu akamwonya.

Wakili wa Haji akasimama, anatabasamu. "Wakili mwenzetu ana miaka mingi kwenye kazi hii. Ulijua kwamba msamaha wa namna ile hauna nguvu kisheria?"

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ukauomba?"

"Niliuomba."

"Basi uliwadanganya watu ndani ya nyumba yao. Kwa nini mahakama imwamini mtu wa namna hiyo?"

"Niliwadanganya kuhusu msamaha," Shafiq alisema. "Kuhusu msumeno nilisema kweli."

Hakimu hakukawia. Alisema ujumbe ule ulikuwa ni kukubali kwa mwajiri mbele ya mashahidi, kwamba msamaha hauzuii haki ya kijana, na kwamba Haji atalipa fidia na matibabu, kiasi kitajulikana daktari akishampima. Buthaina akafunga mkoba wake. Awad alikuwa analia waziwazi.

Ukumbini wazee wawili waliokunywa kahawa ile walimpita Shafiq bila salamu. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni Abu Awad, aliyemjia moja kwa moja, akasimama karibu sana. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Nimemfukuza mwanangu kwa ajili ya neno lile," alisema. "Nililiona ni heshima yangu. Na wewe ulijua ni upepo."

"Nilijua, Abu Awad."

"Ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Kwa nini hukuninong'oneza tu? Nani angesikia?"

Shafiq alitafuta jibu la kupendeza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilipata na hakulisema.

"Watu walikuwa wananisikiliza," alisema. "Nilikuwa naona raha."

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeelewa vizuri kuliko alivyotaka. Kisha akamwendea mwanawe, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi shingoni, na wakateremka ngazi pamoja.