Namba Nzuri za Mama

Nyumbani kwetu mimi huitwa Mkasi. Wateja wanadhani ni kwa sababu ya kazi, maana mimi ni fundi cherehani. Ukweli ni kwamba jina hilo alinipa dada yangu nilipokuwa bado sijui hata kutunga uzi kwenye sindano, na alinipa kwa sababu ya mdomo. Nikianza kubishana siachi mpaka mwenzangu anyamaze, na akinyamaza nahesabu nimeshinda.

Mwaka jana ubishi ulikuwa juu ya presha ya mama. Mama alikuwa na miaka sitini na minne, mwembamba, mwepesi, anashinda nami kwenye chumba cha kushonea akitia vifungo na kushona matundu yake kwa mkono, moja moja, bila haraka. Wapo wateja waliokuja kwangu kwa ajili ya matundu yale tu. Alipoanza kulalamika kichwa kinamgonga, dada alimpeleka kliniki, akapimwa, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, akapimwa tena. Walirudi na namba, mia na hamsini na sita juu ya tisini na sita, na vidonge vya kumeza kimoja kila asubuhi.

Daktari alikuwa mtu wa kueleza, dada alituambia. Alisema hata miongozo yao haikubaliani: mingine inachora mstari kwenye mia na arobaini, mingine siku hizi imeushusha hadi mia na thelathini. Aliyeuvuka kidogo tu, na hana tatizo lingine, anaweza kupewa miezi michache ajaribu kwanza kupunguza chumvi, kula mboga na kutembea. Lakini mama alikuwa ameuvuka mbali, kwa hiyo yeye alimtaka afanye vyote viwili, miguu na kidonge pamoja.

Mimi niliposikia wataalamu hawakubaliani, nikaona nimepata pa kuingilia. Kama mstari unasogezwa, nilisema, kesho watausogeza tena tumeze vidonge wote, mpaka mtoto anayenyonya. Dada ni mwalimu wa darasa la kwanza, subira yake ni ya kazini. Akanijibu kwamba dawa si adui wa mboga. Nikamuuliza baba yetu alikufa ameacha nini chini ya mto wake.

Hapo ndipo lilipokuwa donda langu. Baba alikuwa pande la mtu, mkono wake mmoja sawa na paja langu. Alimeza vidonge miaka tisa, na siku tuliyotandua kitanda chake tukakuta mfuko mzima wa vidonge chini ya mto. Sikuwahi kumuuliza mtu kama vidonge vile ndivyo vilivyompa hiyo miaka tisa. Nilikumbuka mfuko tu. Pamoja na mfuko alituachia mashine ya presha ya kujipimia nyumbani, yenye ule mkanda wa kuzungusha mkononi unaojaa hewa na kukubana.

Nikaitoa kabatini, nikaifuta vumbi, nikatia betri mpya. Nikamwambia mama kuanzia kesho tunatembea, chumvi basi, na kila asubuhi nitampima mwenyewe. Mama alicheka, akasema amezaa daktari wa mashati. Lakini alifurahi, niliona. Tangu baba afe hakuna aliyekuwa anamwamsha kwa ajili ya jambo lolote.

Kwa kweli tulitembea. Asubuhi kabla ya kufungua kazi tulizunguka mpaka sokoni na kurudi, yeye mbele mimi nyuma nikihema. Namba zikaja nzuri tangu wiki ya kwanza: mia na thelathini na mbili, mia na ishirini na tisa. Niliziandika kwa chaki ya kukatia vitambaa ukutani juu ya cherehani, na mteja akiuliza ni vipimo vya nani namweleza habari nzima hata kama hakutaka. Vidonge alikuwa bado anameza, lakini hilo sikulipa uzito. Mwezi wa pili nikamwambia aviache tuone. Akaviacha. Namba zikapanda kidogo, mia na thelathini na nane, na mimi niliyekuwa nausema vibaya ule mstari nikauchagua unaonifaa, wa mia na arobaini, nikatangaza kwamba mama yuko chini yake.

Dada alimpeleka kliniki mara moja, wakapata mia na hamsini na nane. Nilikuwa na jibu. Nilishasikia redioni kwamba wapo watu presha huwapanda wakimwona tu daktari, hofu ya koti jeupe, na kwamba vipimo vya nyumbani ndivyo vya kuaminika. Jambo hilo lipo, sikulitunga. Jumapili iliyofuata, mbele ya mama wadogo wawili waliokuja kutusalimia, nikamwambia dada kwamba angekuwa anauza vidonge tungemwelewa, lakini kuvipigia debe bure ni kutaka mama awe mgonjwa ili apate wa kumhurumia. Mama mdogo mmoja alicheka. Dada alikusanya vikombe akaenda kuviosha, na toka siku ile hakuuliza tena namba.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mama akitia vifungo kwenye sare za shule. Sindano ilimdondoka. Akaiokota, ikadondoka tena. Mara ya tatu hakuinama, aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala juu ya sare, akasema kwa ulimi mzito, "Mkasi, mkono haunisikii." Nilipomgeukia mdomo wake ulikuwa umeenda upande.

Kiharusi, walisema hospitali, na kwamba tumshukuru Mungu tumewahi. Siku ya tatu muuguzi aliyekuwa akimhudumia, mwanamama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, aliniuliza ilikuwaje mgonjwa mwenye presha akaachishwa dawa. Nikampa namba zangu zote kwa kichwa. Hakubisha. Aliniambia tu kesho nije na mashine yenyewe.

Nikaja nayo. Aliufunua ule mkanda, akausoma pembeni, akaushika ukining'inia.

"Huu ulinunuliwa kwa ajili ya mkono wa nani?"

Nikasema wa marehemu baba. Akaniita mpaka kitandani. Mama alikuwa amesinzia. Muuguzi akamzungushia mkanda wa baba, ukamzunguka karibu mara mbili, akapima: mia na hamsini na mbili. Akasubiri dakika chache, akamfunga mkanda mwembamba wa pale hospitali, mkono ule ule, mashine ile ile: mia na sabini na moja. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfunikia mwenzake aibu, kwamba mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono unatoa namba ndogo kuliko ukweli. Kutembea kulimsaidia, alisema, hilo nisilijutie. Ila zile namba za ukutani hazikuwa za mama.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo ninapojichukia. Mtu akija kwangu akasema nimshonee shati kwa vipimo vya kaka yake, namfukuza. Nimewagombeza watu wazima kwa hilo. Sijawahi kukata kitambaa bila kuuzungushia tepu mkono utakaoingia kwenye kile kitambaa. Na miezi minne, kila asubuhi, nilimvika mama yangu mkono wa shati la baba yangu, nikauona unavyompwaya, nikaukaza kwa vidole vyangu hivi, nikaandika ukutani. Nyani haoni kundule. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mama yangu aliyemla alikuwa fundi wake mwenyewe.

Nilikusudia kusema siku ile ile. Naapa nilikusudia. Jioni nikaingia wodini nikamkuta mama macho yamejaa machozi, dada amemshika ule mkono mzima. Alikuwa anaungama. Kwenye kopo lake la vifungo, alisema, alikuwa ameficha chumvi kwenye karatasi, na mimi nikitoka kununua uzi alikuwa akiichovya kwa kidole na kuilamba, kwa sababu chakula bila chumvi kilimshinda. Mimi nilimhangaikia, alisema, yeye akaniharibia kazi. Akanigeuzia ule uso uliopinda.

"Nisamehe, mwanangu. Nimejitakia mwenyewe."

Nikasema, "Usijali, mama. Yamepita."

Nilisikia maneno yakitoka, na badala ya kuyashika nikaona nafuu. Nasema kweli, nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Dada naye, tukiwa njiani, akaniambia kosa ni lake, angenikazania, ananijua nilivyo, kwa nini alisusa kama mtoto. Nikamwambia asijilaumu sana. Nilikuwa na huruma nyingi siku zile, nazigawa kwa kila mtu.

Mama alipotoka hospitali tulimhamishia kwa dada, chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa. Anakunywa dawa kila asubuhi bila kukosa, na mwalimu wa mazoezi anakuja kumnyoosha mkono. Ulimi ulifunguka haraka. Kilichokataa ni chakula. Kwanza alikataa chochote chenye chumvi, tukasema sawa. Halafu akakataa mafuta, halafu mayai, halafu akawa anakula vijiko vitatu vya wali mkavu na kusukuma sahani. Kila sahani ikija alituomba radhi kwanza. Wiki ya tatu shingo yake ilikuwa imebaki mishipa, na mwalimu wa mazoezi akatuambia waziwazi kwamba mkono hauwezi kupata nguvu kwa mtu anayejinyima, na akiendelea hivi tutampoteza kwa njaa tukidhani tunamtibu presha.

Nilikwenda mchana, saa ya chakula. Dada alikuwa ameketi na sahani mapajani, amembembeleza mpaka amechoka. Mama alikuwa ametazama ukuta.

"Nitakula kidogo kidogo," alisema. "Liacheni hili tumbo lijifunze. Ndilo lililowatesa."

Nilisimama pale mlangoni nikasema yote, bila kupanga. Nikasema mkanda ulikuwa wa baba. Nikasema ulimpwaya na niliona. Nikasema presha yake haikuwahi kushuka kama nilivyomwambia, na kama ningemwacha ameze vidonge kama dada alivyotaka, huenda leo angekuwa anashona. Nikasema chumvi ile ya kwenye kopo, kwa kadiri aliyoieleza, isingeweza peke yake kumlaza. Mwisho nikasema muuguzi alinionyesha siku ya nne, na leo ni wiki ya tatu.

Dada aliweka sahani kitandani. Hakuniangalia.

Mama akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Ulikuwa hujui? Wakati unanipima?"

"Nilikuwa sijui, mama."

"Basi mkono nimekusamehe." Aliuinua ule wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto, akaulaza juu ya shuka vizuri. "Ulinipenda ukakosea. Wangapi wamekosea hivyo. Lakini hizi wiki tatu, Mkasi, kila sahani ikija nimekuomba radhi. Nawe ulikuwa unanisamehe."



Akamgeukia dada, akamwambia alete chakula kabla hakijapoa. Dada akavuta kiti karibu, akamlisha, na mama akala kijiko baada ya kijiko mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini. Mimi nilibaki mlangoni muda wote ule. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyeniambia niketi.