Jimale Aliyeandikiwa Korona

Jumanne saa kumi alasiri, Faysa alikuwa akipima mchele dukani kwake Kitengela wakati mumewe Jimale, aliyezikwa Ijumaa, alipoingia na kuomba maji ya kuoga.

"Hawakuniosha," alisema.

Ilikuwa kweli. Maafisa wa afya walimfunga kwa plastiki, wakamfukia bila sala, na kwenye cheti wakaandika korona. Faysa alifunga duka, akabandika sufuria. Alipomvua shati aliona mbavu tatu zilizovunjika, na kisogoni tundu la kutosha vidole viwili. Polisi walimpata barabarani dakika kumi baada ya kafyu, akitoka kufungia mbuzi, wakamshukia kwa rungu. Damu ilikuwa bado inatiririka.

Asubuhi walienda Kajiado, ofisi ya afya. Karani aliyeitwa Mwololo alimpima Jimale joto, akaandika nyuzi kumi na tisa, akamwambia avute maski ifunike pua.

"Aliuawa na polisi," Faysa alisema. "Angalia kichwa."

Mwololo aliangalia. "Naona, mama. Lakini fomu ilishatiwa sahihi, na hesabu ikasomwa kwa redio. Nikimtoa huyu, hata hao watataka kutolewa."

Nyuma yao walikuwa wamepanga foleni wafu wanne. Mmoja alishika taya lake mkononi.

"Mwingine!" Mwololo aliita.

Mwezi uliofuata Muno, mama yake Jimale, alianza kukohoa na kukosa pumzi. Nesi Eunice, aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa ule, akaja na mtungi wa oksijeni, amevaa nguo nyeupe kama ya maafisa waliomfukia Jimale. Vijana walipoiona tu wakaokota mawe.

"Mama Ayan, ni mimi!" Eunice alimlilia Faysa, damu ikimjaa machoni. "Mama atakufa! Nifungulie!"

Faysa alimtambua kwa sauti. Alifungua mlango, na jiwe alilolirusha lilimvunja Eunice meno ya mbele. Mtungi ukabingiria mtaroni. Eunice alitambaa hadi barabarani, wakimfuata kwa mateke.

Muno alikata roho Alhamisi. Yeye ndiye aliyekuwa na korona.

Jimale alichimba kaburi la mama yake peke yake, mchana kweupe, akipumzika kila mara kwa sababu ya mbavu. Majirani walisimama mbali, ng'ambo ya ua. Waliogopa ugonjwa.